Kumi na Mbili Nukta Saba

Calama, shule ya jioni, chumba cha tatu.
Nje jangwa limeshaanza kupoa.
Ndani, madawati ya watoto, na sisi watu wazima
magoti yamekwama chini ya mbao.

Nibaldo Quispe, miaka thelathini na mmoja mgodini,
anatoa mfukoni kipande cha waya wa shaba,
anakilaza kwenye mizani
kama mtu anayelaza kifaranga.
Gramu kumi na mbili nukta saba.

"Nimebeba tani," anasema, "tani juu ya tani.
Hakuna aliyewahi kuniambia ni ngapi."

Mwalimu Eduvina si mtu wa hotuba.
Anachora ubaoni vituo vitatu na mishale:
gramu, moli, atomu.
"Cha katikati hakirukwi.
Nani hapa huhesabu mchele punje kwa punje?
Mnapima kikombe. Moli ni kikombe,
ila cha kila elementi kina uzito wake,
na wa shaba uko pale ukutani:
sitini na tatu nukta tano."

Nibaldo analamba kidole, anafunua daftari, anazidisha.
Moli mia nane na sita na ushei!
Anatabasamu kama aliyelipwa malimbikizo.

Mwalimu hamwekei mkasi. Anarudi naye kinyumenyume:
moli hizo ni shaba kilo hamsini na moja.
"Bwana Quispe, ulizitiaje mfukoni?"

Darasa linacheka, yeye kutuzidi sote,
mpaka kikohozi kinamkamata,
nasi tunasubiri, kila mtu na daftari lake,
mpaka kimwachie.

Basi anagawanya.
Sifuri nukta mbili.
Moja ya tano ya moli, ndiyo hiyo aliyotembea nayo.
Kisha ile namba ndefu:
sita nukta sifuri mbili, mara kumi kwa kipeo cha ishirini na tatu.
Kipeo anakikataa. Anataka kuziona zote.
Anaandika elfu moja mia mbili na nne,
kisha sifuri, sifuri, sifuri,
ukingo wa ukurasa unamzuia, anashuka mstari,
nami jirani yake nahesabu kwa midomo:
ishirini.
Korija kamili ya sifuri.

Pembeni mwa daftari langu nikajitungia kamba ya kushikia:

*Gramu ukiwa unazo, gawanya upate moli,*
*Moli zikiwa ni nguzo, zidishia namba kali,*
*Atomu bila vikwazo, zimefika, si methali,*
*Kurudi kwenye ya mwanzo, geuza kila amali.*

Mstari wa tatu una kiraka, najua.
Lakini hii nayo ni mizani, nane kwa nane,
na yenyewe haikubali kupunjwa.

"Na vumbi?" anauliza Nibaldo.
"Vumbi gani?"
"La mwamba. Lile la kuchorongea."

Mwalimu anaweka chaki chini, halafu anaiokota tena.
Silikoni moja, ishirini na nane.
Oksijeni mbili, kumi na sita, kumi na sita.
"Sitini," anasema.
Nibaldo anaandika sitini.
Kalamu inarudi kushoto, mahali pa gramu,
inasimama.
Daktari alimwonyesha picha, wingu ndani ya mbavu.
Gramu hakumpa.

"Bila gramu," anasema mwalimu, taratibu mno,
"hatuna mlango wa kuingilia."

Taa ya dari inavuma. Yasna wa nyuma
anafunga begi lake, kisha analifungua.

Nibaldo anauchukua waya wake, anausugua
kwa kidole gumba, kwenda na kurudi, muda mrefu,
ananusa vidole, ananinyooshea nami ninuse.
Vinanuka shaba.
Anaurudisha kwenye mizani.

Kumi na mbili nukta saba.

"Haikupungua," nasema.

"Imepungua," anasema Nibaldo.
"Mizani haioni tu."